Pampu ya Twilumba

Asubuhi ile sakitu ilikuwa imeyafunika majani ya viazi, shamba zima jeupe pee, na sebuleni kwa Oresta Mahenge watu walikuwa wamekwisha kujipanga kumwota. Naam, kumwota yeye. Tangu ukataji wa miti upigwe marufuku mlimani, watu wa Igoloma hawaoti moto, wanamwota mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa amekaa mkekani katikati ya chumba, kavaa gauni jepesi la mikono mifupi, anakula viazi vya kuchemsha kwa parachichi, huku wazee wa kitongoji wamemzunguka na makoti yao mazito, wamemnyooshea viganja.

"Sogea huko, Mzee Fungo, umemziba peke yako utadhani umemtolea mahari," mama mkwe wa Oresta alisema, akiingia na sufuria nyingine ya viazi.

"Ningemwona mapema ningemtolea," Mzee Fungo, mwenyekiti wa kitongoji, akajibu bila hata kugeuka. "Mwanao alinipiga chenga tu."

Oresta alicheka mpaka kiazi kikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Aliyempiga alikawia kuondoa mkono, maana mgongo wa Oresta ulikuwa mtamu kuuegemea.

Kazi yake ndiyo hiyo. Asubuhi anawapasha wazee, mchana anakwenda kituo cha afya kuwabeba kifuani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, jioni anakula. Katikati ya hayo pia anakula. Mwenye moto hula chakula cha wanaume watatu na bado huuliza kama kuna kilichobaki, ndiyo maana Igoloma hakuna anayekwenda kumwota mtu mikono mitupu. Mmoja huja na maharage, mwingine mayai, na asiye na kitu huja na umbea, na huo nao Oresta aliupenda sana. Alidungwa sindano ya kumpa moto huo akiwa na miaka ishirini, kwa hiari yake, na hajapata kuijutia.

Mapajani mwake alilala Twilumba, binti yake wa miezi miwili. Oresta alimgusa shavu kwa mgongo wa kidole.

"Kamepoa tena katoto kangu," alisema, akavuta blanketi la pili.

Twilumba akaangua kilio. Mama mkwe akaweka sufuria chini, akamnyakua. "Njoo kwangu, mke mwenzangu, hawa hawakujui. He! Mbona kanawaka haka?"

"Si ametoka mwilini mwangu sasa hivi, mama."

"Aa, kweli."

Basi, yakaishia hapo, kama yalivyoishia jana na juzi. Hebu tazameni kosa lilivyojificha. Kiganja cha mwenye moto kina joto kuliko cha mtu yeyote, kwa hiyo kila anachokigusa hukiona baridi: ukuta baridi, chai baridi, mume baridi, mtoto baridi. Na wengine wote waliomshika mtoto walimkuta wa moto, wakasema ni joto la mama yake. Hata kliniki, muuguzi alipoona kipimo kimepanda alisema, "Huyu katoka kifuani kwa mwenye moto, mwacheni apoe kwanza," kisha foleni ikasonga na hakuna aliyerudi kumpima. Ndivyo watu wazima wenye akili zao walivyoishi miezi miwili, mtoto anafunikwa mablanketi, ananyonya kutwa kucha, na uzito hauongezeki.

"Maziwa yako mepesi," mama mkwe alitoa hukumu. "Kunywa uji wa ulezi."

Oresta akanywa uji wa ulezi. Hakuwa mtu wa kukataa chakula.

*

Mchana huo Oresta alikwenda kituoni kama kawaida, akamwacha Twilumba kwa bibi yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, ule ukungu wa mwezi wa sita ambao ukianika kanga inalowa zaidi. Aliporudi na mumewe, Lutengano Sanga, aliyekuwa ametoka kupakia viazi vyake kwenye gari, walimkuta mama mkwe chumbani anakunja nepi huku anaimba.

"Mama, hizo nepi umezinunua?" Lutengano aliuliza.

"Nizinunue wapi? Nimezifua leo asubuhi."

"Zimekaukaje?"

Mama mkwe akasita. Aliitazama nepi aliyokuwa ameishika, akalitazama lile rundo zima. "Nilizitundika hapa kwenye ubavu wa kitanda cha mtoto," alisema polepole. "Nimeona zinakauka, nikazidi kutundika."

Ndani ya kitanda kile, pembeni ya Twilumba, alikuwa amejikunja paka wa nyumba, jina lake Mkaguzi. Miaka yote Mkaguzi alilala miguuni kwa Oresta tu, na mtu mwingine akimwita alimtazama kwa dharau. Sasa alikuwa amebana ubavuni kwa mtoto, macho amefumba, anakoroma kwa raha zake. Twilumba mwenyewe alikuwa ameyapiga teke mablanketi yote, yuko na fulana tu, anachezesha miguu.

"Huyu paka ameingia saa ngapi humu?" Oresta aliuliza.

"Tangu umetoka hajatoka."

Lutengano akaweka kiganja kwenye tumbo la mtoto. Akakiondoa. Akakirudisha tena, na safari hii alikiacha pale muda mrefu. Oresta naye akagusa, akaona baridi, baridi ileile ya kila siku, akainua macho kumtazama mumewe.

"Mama Twi," Lutengano alisema, "wewe hukuwepo tangu mchana."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mama mkwe akakaa juu ya rundo la nepi bila kuangalia anakaa wapi. "Toba yangu," alisema. "Na mimi nilivyokuwa namfunika!"

*

Daktari Enesia Ngogo alimpima Twilumba joto, akampima damu, akampima tena joto baada ya kumlaza peke yake kwenye kitanda cha chuma kisicho na godoro. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na ndiye aliyemdunga Oresta miaka sita iliyopita. Kutwa hiyo alikuwa akizungumza kwa simu na wakubwa zake na alionekana amechoka.

"Nianze mwanzo," alisema, "maana Lutengano hukuwepo nilipomweleza mwenzio. Kila msuli wako una vighala vidogo vya madini ya kalsiamu. Ukitaka kukunja mkono, kalsiamu inamwagwa ndani ya seli na msuli unakaza. Ukitaka kuulegeza, lazima irudishwe ghalani. Anayeirudisha ni pampu, protini iliyochomekwa kwenye utando wa ghala, na maelekezo ya kuijenga yapo kwenye jeni moja ambayo sote tunayo. Mimi ninayo, wewe unayo."

"Hata paka?" mama mkwe aliuliza.

"Hata paka, ya kwake. Sasa Oresta tulimwongezea nakala iliyobadilishwa. Pampu zake zinachota, zinavujisha, zinachota tena, hata akiwa amelala usingizi. Mfikirie mtu anayejaza pipa kwa ndoo iliyotoboka. Pipa halijai, lakini mchotaji anachemka mwili mzima. Huko kuchemka ndiko tunakokuota sisi, na viazi anavyokula ndiyo kuni zake."

"Na mtoto?" Oresta aliuliza. Alikuwa amemkumbatia Twilumba bila blanketi lolote.

"Ndoo yake imetoboka vilevile. Maziwa anayonyonya yote anayachoma, kwa hiyo aongezewe maziwa na aache kufunikwa, basi, ataanza kunenepa wiki hii hii. Hilo ni jepesi." Daktari akavua miwani. "Waliotuletea sindano walituapia kwamba nakala ile haifiki kwenye mayai ya uzazi. Imefika. Kuanzia leo hakuna atakayedungwa tena mlimani hapa mpaka wajue imefikaje, na sijui kama watajua."

"Hebu tuambie lililo zito, daktari," Lutengano alisema.

"Ipo dawa ya kuinyamazisha nakala iliyobadilishwa, pampu za kawaida zikabaki na kazi yao. Kwa mtoto mchanga inafaa, kwa sababu misuli yake bado inajengwa. Akishatimiza miezi mitatu haimfanyi kitu tena. Kwa mtu mzima haifanyi kitu kabisa, ndiyo maana Oresta hawezi kuzimwa."

"Na tukimzima, akikua akitaka kuwa kama mimi?"

"Hatawaka. Mwili uliokwisha kuzimwa huikataa ile sindano moja kwa moja."

"Tukimwacha?"

"Ataishi, tena vizuri, kama unavyoishi wewe na kwa masharti yako wewe. Atakula sana, homa atazichunga kwa makini, na hatashuka bondeni."

Oresta hakuuliza tena. La kutoshuka bondeni alilijua kuliko daktari. Mama yake mzazi aliishi Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga huko chini kwenye joto, na kifua chake hakikuruhusu kupanda mlimani. Mwaka wa kwanza baada ya sindano, Oresta alijaribu kumfuata. Alifika kwenye kona za chini za barabara ya Chimala akazimia ndani ya gari, akarudishwa juu na ndoo za maji zikimwagwa kichwani. Baba yake alizikwa, yeye akatazama mazishi kwenye kioo cha simu cha ukutani. Kaka yake alioa, akapiga vigelegele mbele ya kioo hichohicho.

*

Habari zilitembea Igoloma haraka kuliko ukungu. Kesho yake alfajiri, mlangoni kulikuwa na gunia la viazi. Baadaye kidogo likaja la pili, kisha ndoo ya maziwa, kisha kondoo mzima mzima kafungwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Kila aliyeleta alisema ni ya mtoto.

"Mtoto hana meno," Oresta alimwambia jirani aliyeleta mahindi mabichi.

"Yataota, yataota tu. Sisi tuna haraka gani?"

Wote walikuwa na furaha ya kweli, na Oresta hakuweza kuwakasirikia. Siku hiyo wazee hawakutaka kukaa tu na kuota. Mzee Fungo alivua kofia, jambo alilolifanya kanisani na kwenye vikao vya kitongoji peke yake, akasafisha koo.

"Mama Twilumba, mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Tumesikia kuna dawa. Tumesikia mna siku chache za kuamua. Tunakuomba, mwacheni mtoto alivyo."

"Mzee wangu, ni..."

"Ngoja nimalize, mwanangu, maana nikikatizwa nitalia, na mimi sipendi kulia mbele ya mama mkwe wako, atanitangaza." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Mwaka jana ulipokuwa na mimba ulilazwa kituoni miezi ile yote, wanakupa dawa ya kupunguza moto kwa muda. Ilikuwa haki yako. Lakini mwezi wa nane tulimkuta Bibi Agnela amekauka kitandani kwake, na chai yake imeganda kikombeni. Sisemi ni kosa lako. Nasema tuna mwenye moto mmoja, na sindano zimesitishwa, na daktari mwenyewe ametuambia moto wako utapungua ukikaribia arobaini. Baada yako nani? Mungu ametuletea jibu, analala pale na paka."

Oresta alimpenda Bibi Agnela. Bibi huyo alikuwa akimletea mayai mawili na kumhesabia kwamba ni mayai mawili.

"Nimekusikia, mzee," alisema. "Nimekusikia vizuri sana."

Walipoondoka, alitegemea mama mkwe naye ataunga mkono, tena kwa kelele. Nani aliyefaidi moto wa Oresta kuliko yeye? Magoti yake yalikuwa mabovu tangu ujana wa kubeba pareto, na kila siku alikaa ameyaegemeza ubavuni kwa mkwewe. Lakini mama mkwe alikuwa anamenya viazi kwa hasira, maganda yanaruka.

"Sema, mama," Oresta alimwambia. "Ukinyamaza wewe naogopa."

"Magoti yangu ni yangu," mama mkwe alisema. "Sikumzaa mjukuu aje kunikanda. Hilo la kwanza. La pili, huyu ni Mkinga. Baba yake anashuka na viazi, babu yake alishuka na pareto, shangazi zake wana maduka mpaka Kariakoo. Mkinga asiyeshuka na mzigo ni Mkinga wa wapi? Watamtania mpaka azeeke!" Akatupa kiazi kwenye maji. "La tatu sitalisema."

"Liseme."

"La tatu, nikimaliza kusema hayo yote, usiku nakumbuka Agnela, na sijui kitu. Basi usiniulize."

*

Lutengano hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jioni ile aliyasema yote aliyokuwa nayo, akiwa amekaa kwenye ngazi za baraza, ameegemea mguu wa mkewe kama ilivyokuwa desturi yake.

"Ukimwacha, umemfungia bonde," alisema. "Ukimzima, umemfungia kuwa kama wewe. Na wewe una furaha, mama Twi. Mimi nakuona. Unarudi kutoka kituoni na maziwa ya watoto wa watu yamekukaukia kwenye gauni na unaimba. Utamnyima hilo?"

"Ndilo linaloniumiza," Oresta alisema. "Kwa vyovyote namnyang'anya kimoja. Sijui ni kipi atakachonisamehe."

"Labda asikusamehe chochote. Watoto ndivyo walivyo."

"Ahsante sana, baba Twi, umenifariji."

Akacheka, naye Lutengano akacheka, kisha Oresta akaingia ndani kumpigia simu mama yake. Kioo cha ukutani kikawaka, na mama yake Oresta akatokea na kitambaa chake cha kichwa, nyuma yake feni inazunguka. Kama kawaida hakumsalimu mtu mzima kwanza.

"Mgeuze nimwone huyo mchumba wangu. Eee! Kanacheka sasa. Atashuka lini nimpakate?"

Aliuliza hivyo kila alipopiga simu. Hakuwa akilalamika. Lilikuwa swali la bibi yeyote. Oresta akamweleza habari yote, jeni, dawa, Mzee Fungo na kofia yake. Mama yake alisikiliza, akapunguza feni ili asikie vizuri.

"Mama," Oresta alisema, "nilipodungwa, ulinikasirikia?"

"Nilikukasirikia mwaka mzima. Hukujua?"

"Hukusema."

"Ningesema nini? Ulikuwa mtu mzima. Ulikuja hapa Ubaruku kabla ya sindano, ukakaa nami wiki, ukala wali kila siku, ukaoga mtoni, ukaniambia, 'Mama, nimeyaona yote ninayoyaacha na bado naenda.' Mtu akisema hivyo unamjibu nini? Nikakuombea." Mama yake akajifuta jasho. "Ila nikikudanganya kwamba sikukosi, nitakuwa mwongo. Nakukosa mikononi, Oresta. Macho yanakuona kila siku, mikono haikuoni."

Oresta alimlilia mama yake waziwazi, kamasi na kila kitu, kama mtoto, na mama yake akamwacha alie mpaka alipomaliza. Kisha akamwambia ale kitu.

Alipotoka barazani, alikuwa ameamua. Alimwambia Lutengano akiwa amesimama, maana aliogopa akikaa atabadilisha mawazo.

"Mimi niliona yote kwanza, ndipo nikaacha. Ile furaha unayoiona kwangu inatoka hapo. Sikuzaliwa nayo. Twilumba akikua amefungiwa mlimani, haitakuwa furaha yangu atakayoipata, itakuwa kazi aliyopangiwa na watu wenye baridi. Nawapenda watu hao. Lakini hawakumzaa."

"Na Fungo?"

"Nitamwambia mwenyewe. Usinisemee."

*

Daktari Enesia alimdunga Twilumba pajani, asubuhi ya jua kali lisilo na joto lolote. Mtoto alilia kidogo, akanyonya, akalala. Halikuwa jambo la kutazama. Moto ulipungua taratibu kwa siku kadhaa, na siku moja Mkaguzi akatoka kwenye kitanda cha mtoto, akajinyoosha, akarudi miguuni kwa Oresta bila kuomba radhi.

Mzee Fungo aliambiwa nyumbani kwake, ana kwa ana. Oresta alimkuta akipalilia vitunguu, akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akasema alichokuja kusema bila kukipamba. Akamwahidi kumrudishia gunia lake la viazi.

Mzee alimaliza kwanza kupalilia tuta alilokuwa nalo.

"Umetuhukumu," alisema mwishowe.

"Labda, mzee. Nimekuja uniseme mbele badala ya nyuma."

"Nitakusema mbele na nyuma!" Akapiga jembe chini. "Nitakusema mpaka nichoke!"

Na kweli alimsema. Zilipita asubuhi kadhaa hakuonekana kwenye mkeka wa Oresta, na wengine wawili hawakuonekana kwa sababu yake. Oresta aliumia. Hakula vizuri, yaani alikula chakula cha wanaume wawili tu, na mama mkwe akaanza kumtazama kwa wasiwasi. Kisha asubuhi moja wakasikia kelele nje, wakatoka. Mzee Fungo alikuwa amesimama uani na vijana wa kitongoji, wamebeba magunia.

"Hayo ni nini?" mama mkwe aliuliza.

"Sufu ya kondoo. Manyoya! Unauliza kama hujawahi kumwona kondoo." Akamgeukia Oresta, bado amekunja uso. "Nimekwenda kupima nyumba ya marehemu Agnela. Ukuta wake una nyufa napitisha vidole vitatu. Vidole vitatu, mama Twilumba, na sisi wote tulipita pale kila siku, tunasema mwenye moto yupo. Tangu upate sindano hakuna mtu Igoloma aliyeziba ukuta wake. Tutaanza na nyumba za wanaoishi peke yao, tuweke manyoya katikati ya mbao. Ya kwangu itakuwa ya mwisho, usije ukasema najipendelea."

"Karibu ndani, mzee," Oresta alisema. "Una baridi."

"Nina baridi sana," Mzee Fungo alikiri, akaingia. Gunia la viazi alikataa katakata kulipokea. Alisema ni la mtoto, na mtoto sasa atasikia baridi kama wao, basi akikua alete viganja vyake mkekani kama mtu mwingine yeyote, na ahakikishe hamzibi mtu.

*

Miezi sita baadaye Twilumba alikuwa amenenepa, anakaa mwenyewe, anang'ata kila anachokishika. Lutengano alipakia viazi, mama mkwe akavaa gauni lake la safari, na Oresta akapanda nao garini mpaka mahali alipoweza kufika. Alipajua. Ni pale miti ya misindano inapokwisha na barabara inaanza kujikunja kona baada ya kona kuelekea Chimala, na upepo wa bondeni unapanda kukulaki usoni. Hapo jasho lilianza kumtoka na moyo kumwenda mbio. Akamgusa Lutengano bega, gari likasimama.

Alimnyonyesha Twilumba kando ya barabara, akamfuta mdomo, akamkabidhi kwa bibi yake. Mtoto alimtazama mama yake akibaki chini, akafikiria kidogo, kisha akaona kifungo cha gauni la bibi na akasahau.

"Tutarudi jioni," Lutengano alisema.

"Msikimbie kwenye kona. Mama, usimpe muwa."

"Nilimlea huyu aliyeshika usukani, na yuko hai," mama mkwe alisema, na gari likashuka.

Oresta alikaa juu ya jiwe kwenye kivuli, na kapu lake la chakula, na bonde lote la Usangu chini yake, kijani na bluu mpaka mwisho wa macho. Alikuwa hajaliona kwa muda mrefu. Alikula. Alisalimiana na wapanda baiskeli waliokuwa wakisukuma mizigo juu. Aliwaza mambo mengi, mengine ya kumtia uchungu, na hakuyafukuza.

Simu ilipolia, hakufungua picha. Aliiweka sikioni tu. Kwanza alisikia kuku, kisha watu wengi wakiongea kwa pamoja, kisha kicheko cha mama yake, kile kikubwa cha kupiga mapaja ambacho hakuwa amekisikia tangu baba yake afe.

"Mama? Amefika? Yuko wapi?"

"Yuko hapa juu yangu!" mama yake alipiga kelele. "Amenikojolea, Oresta! Gauni zima, mpaka miguuni! Wanataka kunipokonya nikabadilishe nguo, nimewaambia nani abadilishe nguo, niacheni na baraka zangu!"

Oresta alicheka, akalia, akacheka tena, peke yake kando ya barabara, na mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa anapita akasimama kumuuliza kama kuna msiba.

"Hapana, kaka," alimwambia. "Mama yangu amelowa."